Mkwamo wa Lango la Pembeni

“Kuna mkwamo,” Msomaji alisema.

Subilaga Mwaipaja alikuwa anamenya chungwa. Alifuta vidole kwa kitambaa, akasogeza kiti karibu na kioo.

“Wapi?”

“Utaratibu wa dharura wa Bwawa la Lufwisi. Hatua ya kufungua lango la pembeni inasubiri hesabu ya marudio. Hesabu ya marudio inasubiri lango la pembeni lifunguliwe.”

“Njia gani inafika hapo?”

“Njia moja tu. Ile ambayo hesabu ya kwanza inakuta bado kuna mtu bondeni.”

Dirishani jua la kiangazi lilikuwa linawaka juu ya mashamba ya chai, na bwawa lenyewe lilikuwa limenywea mpaka visiki vya msitu wa zamani vinaonekana. Ilikuwa vigumu, siku kama ile, kuliogopa Lufwisi.

Tangu Sheria ya Taratibu ipitishwe, hakuna kazi ya umma iliyofanyika kwa kauli ya mtu. Kila jambo liliandikwa hatua kwa hatua: hatua inahitaji nini ili ianze, na ikimalizika inatoa nini. Mtendaji, mtambo uliokuwa na sauti katika kila ofisi na kila kituo, ndiye aliyezifuata hatua hizo. Alimwita daktari, alifungua bomba, alituma lori la mbolea. Mtu aliitikia alipoitwa, akafanya alichoambiwa, akarudi kukaa.

Lakini Mtendaji alikuwa na upofu wake. Aliijua njia ile tu aliyokuwa anaipita. Utaratibu uliweza kwenda salama miaka na miaka kwa kuwa tu bahati haijaupeleka kwenye kona mbovu. Ndiyo sababu akawekwa Msomaji. Yeye hakuendesha chochote. Alisoma tu, na katika kusoma alizifuata njia zote, hata zile ambazo hazijawahi kutokea. Aliona hatua inayodai kitu ambacho hakuna aliyeambiwa akilete. Aliona hatua isiyofikiwa na njia yoyote. Na aliona mkwamo, kosa ambalo Subilaga, mkaguzi wa taratibu katika Mamlaka ya Mabwawa, alizoea kuwaeleza wageni kwa mfano wa harusi: mwenye funguo za ukumbi anasubiri wapambaji wafike ndipo aje kufungua, nao wapambaji wanasubiri ukumbi ufunguliwe ndipo watoke nyumbani. Kila mmoja mwaminifu kwa neno lake, na bibi harusi amesimama juani.

Utaratibu wa Lufwisi ulikuwa mkongwe kuliko Msomaji. Mwaka huo ndipo zamu yake ya kusomwa ilipofika.

Bwawa lilikaa juu ya mji wa Busisya. Maji yakizidi nguvu za ukuta, lango la pembeni lingeyamwaga upande wa pili, katika Bonde la Ngeleka, penye mashamba ya mpunga na nyumba chache. Bonde likifurika, mji unapona. Basi utaratibu uliagiza ving'ora vilie na watu wa bondeni wapande vilimani. Kisha droni zihesabu bangili zilizobaki chini, maana kila mkazi alivaa bangili ya utambulisho. Bonde likiwa tupu, lango lifunguke; akikutwa mtu, ifanyike kwanza hesabu ya marudio. Katika majaribio yote lilikutwa tupu.

“Ikifika hapo penye mkwamo,” Subilaga aliuliza, “Mtendaji atafanya nini?”

“Atasubiri.”

“Mpaka lini?”

“Utaratibu hausemi.”

Chungwa lilibaki mezani bila kuliwa.

*

Mkurugenzi Gwakisa Mwansasu alimsikiliza akiwa amesimama, mikono mfukoni.

“Lifungue fundo hilo leo leo,” alisema. “Futa hesabu ya marudio. Ving'ora vikishalia na muda wa kuhama ukiisha, lango lifunguke. Basi.”

“Na aliyebaki bondeni, bosi?”

“Busisya ina watu wangapi, Subilaga?”

“Sijauliza habari za Busisya. Nimeuliza aliyebaki.”

Gwakisa alivuta kiti, akaketi. Hakuwa mtu wa kufoka.

“Mama yangu alifia kwenye benchi la hospitali,” alisema. “Zama zile kabla ya Sheria. Daktari alikuwepo. Dawa ilikuwepo. Walikuwa wanamsubiri mkubwa mmoja aseme ndiyo, na mkubwa yuko kwenye kikao. Mimi ndiye niliyekuwa nimempakata kichwa. Siku ile nikajua, nchi ikitegemea mtu aseme ndiyo, watu watakwisha kwenye mabenchi. Usiniletee mtu kwenye lango langu.”

Subilaga alijua ni kweli. Hata kwao lilikuwepo benchi la namna hiyo. Karibu kila familia ilikuwa nalo. Aliomba kitu kimoja tu, aruhusiwe kwenda kumwona aliyeuandika utaratibu kabla ya kuugusa.

“Tusajigwe?” Gwakisa alichekea puani. “Nenda. Ila usitegemee chai.”

*

Tusajigwe Mwakyoma alikuwa ameacha Mamlaka kwa ugomvi, akahamia mlimani kufuga kuku wa mayai. Subilaga alimkuta bandani na kichupa cha chanjo ya mdondo mkononi, miwani imeshuka puani, kuku wanapiga kelele kana kwamba wanachinjwa.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Mshike huyo hapo. Usimkabe! Mlaze ubavu, jicho liangalie juu. Umetumwa na Gwakisa?”

“Nimekuja mwenyewe. Kuna mkwamo kwenye utaratibu wa Lufwisi. Hesabu ya marudio...”

“...na lango.” Tone lilianguka jichoni mwa kuku. “Mwachie. Lete mwingine. Mmechelewa kuliona.”

Subilaga alibaki na mikono mitupu. “Ulikuwa unajua?”

“Nimeuweka mwenyewe. Mlete huyo mweupe.”

Waliendelea hivyo, mmoja akikamata na mwingine akidondosha, na habari ikatoka vipande vipande. Tusajigwe alisema aliuandika utaratibu ule kwa wepesi mpaka alipofika pale ambapo hesabu inakuta mtu. Hapo kalamu ikagoma. Angeandika “fungua,” angekuwa amemuua mtu siku ya jua, akiwa ofisini, anakunywa soda. Angeandika “subiri,” angekuwa ameuacha ukuta uanguke juu ya Busisya. Lililomtisha zaidi ni kwamba lolote atakaloandika lingetekelezwa bila mtu yeyote kulisikia tumboni. Mtendaji hana tumbo.

“Kwa hiyo nikafunga fundo. Mashine ifike pale, ishindwe. Watu washtuke, waulizane, mtu mmoja aseme neno. Sikutaka tumsahau huyo mtu wa bondeni.”

“Mama, mashine ikishindwa haipigi kelele.”

“Unasemaje?”

“Mtendaji akikwama hukaa kimya. Kwenye kioo panaandikwa 'inasubiri,' na wale wa zamu wamezoea kuona 'inasubiri.' Watakunywa chai wakisubiri naye. Na hata wakishtuka, lango limefungwa na Sheria. Halimsikii mtu ambaye utaratibu haukumwita. Ulifunga fundo, lakini hukuweka kengele.”

Tusajigwe alikifunika kichupa taratibu. Kwa mara ya kwanza alimtazama mgeni wake usoni, na Subilaga akaona kwamba mwanamke huyu alikuwa ameishi miaka yote hiyo akiliamini fundo lake.

“Enzi zetu,” alisema, “mtu angeweza kukimbia akaliinua lango kwa mtaimbo.”

“Mtaimbo haupo tena, Mama.”

“Basi weka hiyo kengele. Ila angalia usije ukaniondolea na mtu wa kusema neno.” Kisha akakumbuka adabu. “Chukua trei ya mayai. Usikatae, utaniudhi.”

*

Subilaga aliandika hatua mpya. Hesabu ya kwanza ikikuta mtu, Mtendaji amwite mwanadamu, amweleze hali ya ukuta na ya bonde, naye mwanadamu huyo aamue: fungua, au subiri. Alimpa Msomaji.

“Hatua hii haina mhusika,” Msomaji alisema. “Andika jina au cheo.”

Alikwenda kwa Gwakisa kuomba cheo cha mkurugenzi kiandikwe. Gwakisa alikataa, na alikuwa amekwisha kusema kwa nini. Wahandisi wa zamu walikataa kwa lugha laini zaidi: mmoja ana presha, mwingine anakaribia kustaafu, wa tatu ana shamba kulekule Ngeleka na asingeweza kuwa mwamuzi wa ndugu zake. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Wote walikuwa wamezaliwa au kukulia ndani ya Sheria, na kuamua lilikuwa jambo ambalo mikono yao haikulizoea, kama mtu wa bara kupewa kasia.

Akaandika jina lake.

“Na asipojibu?” Msomaji aliuliza.

“Atajibu.”

“Iko njia ambayo hajibu. Amezimia. Amesafiri. Amesikia na amenyamaza. Njia hiyo haina mwisho. Kuna mkwamo.”

Subilaga alikaa akikitazama kioo mpaka macho yakamwasha. Hapa ndipo Tusajigwe alipokimbia, akadhani fundo litamwepusha. Halimwepushi mtu. Ukimweka mwanadamu, lazima useme itakuwaje akinyamaza, na ukishasema umekwisha kuamua. Aliandika: robo saa ikipita bila jibu, au jibu likiwa bado ni “subiri,” lango lifunguke. Yale maneno aliyokwenda mlimani kuyakwepa, sasa alikuwa ameyaandika kwa mkono wake, mstari mmoja chini zaidi.

“Hakuna mkwamo,” Msomaji alisema. “Njia zote zinafika mwisho.”

Gwakisa alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaidhinisha. “Kwa hiyo hata ukinyamaza mambo yatakwenda,” alisema. “Hapo sina ugomvi.”

*

Mvua za mwaka ule hazikuja na ngurumo. Zilikuja kimya na hazikuondoka. Migomba iling'oka na mizizi yake, barabara ya Busisya ikakatika, na Subilaga akahamia nyumba ya wageni pale bwawani. Alikuwa anakula viazi mchana mmoja, bado mdomo umejaa, Mtendaji aliposema sikioni mwake:

“Subilaga Mwaipaja. Unaitwa kuamua.”

Alikimbia bila mwavuli. Ndani ya chumba cha uendeshaji mhandisi wa zamu, Bwana Kyando, alikuwa ameinama juu ya vipimo vya ukuta. Kwenye kioo kikubwa Bonde la Ngeleka lilionekana kwa jicho la droni: nyumba tupu, mashamba yenye maji tayari, na nukta moja ya bangili katikati ya kijani.

“Ni nani?”

“Ambilikile Mwangoka,” Mtendaji alijibu.

Alimpigia mwenyekiti wa kijiji, Bwana Lwitiko, aliyekuwa kilimani na watu wake. Sauti ilikatikakatika kwa upepo.

“Alipanda na sisi, dada! Kisha akageuka. Ng'ombe wake wamefungwa zizini. Tulimshika akatuponyoka!”

“Ana simu?”

“Ameacha kwa mkewe. Mkewe huyu hapa analia.”

Droni ilishuka. Subilaga alimwona mzee mwenye koti la mvua la manjano, amepiga goti kwenye tope, anahangaika na kamba iliyolowa. Ng'ombe walikuwa wanavutana. Alimfungua mmoja, akamchapa mgongoni aende, akarudi kwa wa pili.

“Droni ina kipaza sauti?”

“Inacho,” Mtendaji alisema. “Utaratibu hauna hatua ya kukitumia baada ya ving'ora.”

“Nimeitwa kuamua. Naamua kitumike.”

“Maamuzi yaliyoandikwa ni mawili. Fungua. Subiri.”

Subilaga mwenyewe ndiye aliyeandika mawili. Msomaji aliuona kila mstari uliokosewa, akaupitisha utaratibu wake kuwa hauna dosari, na kweli haukuwa nayo. Lakini Msomaji husoma kilichoandikwa. Neno ambalo halikumjia mwandishi kichwani hakuna wa kulisoma.

“Subiri,” alisema.

“Nimepokea. Muda unaendelea kuhesabiwa.”

Akarudi kwenye simu, akamwambia Lwitiko awakusanye wenye sauti kubwa, wapige madebe, wapige mluzi, wamwite kwa jina la ukoo wake. Baada ya kitambo mzee aliinua kichwa. Aliwasikia. Alilikata fundo la mwisho kwa panga, akawa anawaswaga ng'ombe kuelekea kilimani, taratibu, maana maji yalikuwa magotini na ng'ombe hawakutaka.

“Waache,” Subilaga alikiambia kioo. “Waache, baba, njoo peke yako.”

Bwana Kyando aliinuka. Uso wake ulikuwa umebadilika.

“Maji yanayovuja chini ya ukuta yameanza kutoka na tope.”

Hakuhitaji kueleza. Maji meupe maana yake ukuta unatoka jasho. Maji ya tope maana yake unaliwa kutoka ndani.

“Umebaki muda gani?”

“Wa kwako au wa ukuta? Wa kwako bado upo. Wa ukuta sijui.” Akasogea karibu, akapunguza sauti, ingawa hawakuwepo wengine. “Dada, usiseme kitu. Kaa hivyohivyo, muda uishe, lango litafunguka lenyewe. Hutaulizwa na mtu.”

Ulikuwa ushauri wa huruma, na Subilaga alijua. Angeweza kufumba macho. Robo saa ingepita, lango lingeinuka, na kusingekuwa na mkono wowote juu yake. Lakini tope halikuwa linasubiri robo saa, na mji mzima ulikuwa chini ya ukuta ule. Aliyatazama madirisha ya nyumba za Busisya kwenye kioo cha pili, kisha akarudisha macho kwa koti la manjano. Mzee alikuwa amefika katikati. Alijilazimisha kumtazama, asimgeuzie uso.

“Fungua,” alisema.

“Rudia, tafadhali.”

“Fungua. Ni mimi Subilaga Mwaipaja. Nasema fungua.”

Sakafu ilitetemeka. Maji yalichukua muda kufika bondeni, na katika muda huo alimwombea mzee miguu. Mzee aliisikia sauti ya maji kabla hajayaona. Alisimama. Aliwatazama ng'ombe wake, akamsukuma wa nyuma kwa mikono miwili. Kisha kioo kikawa rangi moja.

Ukuta ulisimama. Jioni ile ile tope lilikoma, na Busisya ikala chakula chake cha usiku bila kujua.

*

Siku ya tatu Gwakisa alimwita ofisini. Tangazo lilikuwa tayari: lango lilifunguliwa kwa mujibu wa utaratibu, na Mamlaka inawapa pole wafiwa.

“Hakuna uongo ndani yake,” alisema. Alionekana amechoka. “Umefanya kazi yako. Usiende kule, Subilaga. Mtu akiwa na uchungu hutafuta wa kumshika. Mwache aushike utaratibu, wenyewe hauumii.”

“Ndiyo sababu naenda, bosi.”

Msiba ulikuwa kilimani, kwa mdogo wa marehemu, maana nyumba yenyewe ilikuwa bado majini. Wanaume walikaa nje wakiota moto. Lwitiko alimtambua Subilaga kwa sauti, akampitisha ndani. Mjane, Mama Ipyana, alikuwa ameketi kwenye mkeka, shuka kiunoni, akina mama wamemzunguka.

“Pole, Mama.”

“Ahsante. Wewe ni wa Mamlaka?”

“Ndiyo.”

“Wamekuja wenzako jana na unga na sukari. Walinisomea karatasi.” Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa kavu tu. “Niliwauliza nani alifungua yale maji. Kila mmoja akawa anamtazama mwenzake. Sikuwauliza ili nigombane. Nilitaka tu kujua.”

Subilaga alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, macho yao yakawa sawa.

“Ni mimi, Mama. Nilikuwa namwona. Nilisema fungua, lango likafunguka.”

Mmoja wa wanawake alishusha pumzi kwa sauti, mwingine akanyanyuka nusu kama anayetaka kumtoa. Mama Ipyana aliinua kiganja, yule akaketi. Alimtazama Subilaga kwa muda mrefu sana, na Subilaga hakuinamisha kichwa, ingawa machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

“Ulimwona?”

“Nilimwona.”

“Kwa macho yako?”

“Kwa macho yangu. Mpaka mwisho.”

Mjane alisogea kidogo. Alikunja magoti, akaikunjua pembe ya mkeka iliyokuwa imejipinda, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja.

“Mimi walinipeleka nyuma ya kilima, sikuona kitu,” alisema. “Kaa hapa. Nieleze tangu alipofika zizini. Usiruke chochote.”

Subilaga alivua viatu, akaketi, akaanza kumwambia habari za kamba iliyolowa.